Kitufe Chenye Mikono ya Mama

Malangali,
Sumbawanga.
9 Juni 2025

Mpendwa Kaka Yusto,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi Faith na watoto, na kwamba lile joto la Mtwara bado halijakuyeyusha. Huku ni baridi ya Juni, unayoijua. Asubuhi maji ya ndoo yanauma meno, na upepo unaingia hata pale ambapo hakuna tundu. Mama ni mzima. Magoti yanamsumbua kama kawaida, lakini anakula, na ulezi wake ameukata mwenyewe kwa kisu, alikataa kusaidiwa. Mahindi yameshaingia ndani, bado tunapukuchua. Mimi ni mzima pia.

Najua umeshaanza kuruka mistari ukitafuta jina la dada Otilia. Yuko hai. Rudi juu usome taratibu.

Nimekuandikia barua badala ya kukupigia kwa sababu wewe kwenye simu unafoka kabla mtu hajamaliza sentensi. Wakati wa Pasaka nilipokwambia kwamba shemeji Meshack amemvunja dada kidole gumba, ulipiga kelele za panga mpaka salio langu likaisha. Barua haifokewi. Ukitaka kuichana, ichane ukishaimaliza.

Nianze na habari za chuo, maana mambo yote yalianzia huko. Mwalimu wetu Raymond alitupa zoezi: kila mwanafunzi abuni na kutengeneza kitufe. Kitufe kimoja tu, cha kwenye kioo cha simu, cha kugusa kwa kidole. Nilicheka moyoni. Nikasema hivi ndivyo ada ya mama inavyoliwa. Lakini mwalimu akaeleza kwamba kitufe ni maongezi. Mtu akikigusa, lazima kimjibu hapo hapo: nimekusikia, ngoja kidogo, tayari. Kisipojibu, mtu anakigusa tena na tena mpaka simu inaganda, halafu anaitukana simu na ukoo wa aliyeitengeneza.

Wenzangu walifanya vitufe vya kununua vocha na vya kuagiza chipsi. Mathias, yule mtoto wa fundi seremala, alifanya kitufe ambacho ukikigusa ng'ombe analia. Darasa zima lilikigusa siku nzima, na mwalimu akajuta kuzaliwa.

Mimi nilifikiria kidole gumba cha dada.

Hukukiona, kaka, na kwenye simu sikukwambia kilivyovunjika. Dada alikuwa amesimama mlangoni anaongea na mama kwenye simu. Meshack aliushika mkono wake, akaubana kwenye fremu, akausukuma mlango kwa bega. Siyo kwa bahati mbaya. Aliusukuma, akaufungua aone, akausukuma tena. Mama alisikia yote upande wa pili, akadhani ni mtandao unakwaruza. Sasa kidole hicho hakikunjiki. Kimesimama kama kigingi cha mbuzi, na dada akitaka kuandika ujumbe anagonga herufi tatu kwa pamoja.

Basi nilichukua penseli, nikachora kitufe kikubwa, chini upande wa kushoto, kwa ajili ya kidole kizima. Nilikikata kwenye karatasi, nikakibandika juu ya kioo cha simu, nikamwomba dada akiguse amefumba macho. Nilimtikisa mkono huku anagusa, kwa sababu mtu anayepigwa mkono hautulii. Alikosea, nikakiongeza ukubwa. Alikosea tena, nikakiongeza tena, mpaka kikala nusu ya kioo. Kwenye simu nilikivika sura ya tochi. Meshack akiishika simu ya mkewe, na anaishika kila jioni, anaona tochi. Ukigusa mara moja inawaka taa kweli. Ukishikilia, inatuma ujumbe kwa mama, kwangu, na kwa Bi Sauda mwenye duka pale Izia, ambaye mlango wake unatazamana na wa dada.

Mwalimu na mimi tuligombana juu ya jambo moja. Alisema kitufe kizito namna hiyo, kabla hakijatuma, lazima kiulize: una uhakika? Nikamwambia dada yangu ameulizwa kama ana uhakika na mama, na padre, na mjumbe wa mtaa, na ukoo wa mume wake wote, na kila akiulizwa uhakika unamtoka. Kitufe changu hakimuulizi mtu swali. Mwalimu akasema haya.

Jambo la pili ni ujumbe wenyewe. Kwenye mfano aliotupa uliandikwa "Msaada unahitajika." Mimi nikaandika: "Otilia anauawa. Njoo."

Kikabaki kile cha kumjibu aliyekigusa. Hapo ndipo nilipojiona fundi. Huko Mtwara huenda umeshasahau adabu, lakini huku bado ukimsalimu mkubwa unachuchumaa, unapiga makofi taratibu viganja vikiwa na uvungu, na yeye anakujibu kwa makofi vile vile. Aliyesalimiwa akanyamaza, ama ni mgonjwa ama ametukana. Nikasema kitufe cha Mfipa kijibu Kifipa. Jirani akisoma ujumbe akagusa "Nakuja", simu ya dada ipige makofi ya salamu, ajue kuna mtu amemsikia. Na makofi hayo yawe ya mama.

Nilimrekodi uani. Nilimwambia akae tu kwenye kigoda apige, akanishangaa. Alisema huwezi kumsalimu mtu umekaa kama gunia. Akachuchumaa na magoti yake hayo mbele ya simu niliyoiegemeza kwenye sufuria, akainamisha macho, akaipigia simu makofi kana kwamba ni mgeni kutoka mbali. Nilicheka mpaka akanitupia gunzi.

Darasani nilipata sifa zote. Sauti niliiweka juu kabisa ili isikike katika kelele za wenzangu, maana ng'ombe wa Mathias bado alikuwa analia. Nikakihamishia kitufe kwenye simu ya dada kama kilivyokuwa. Hiyo sauti, kaka, sikuishusha.

Sasa nakuja kwenye Jumapili yenyewe, wiki mbili zilizopita. Vuta pumzi.

Dada alitoka misa, akapitia dukani kununua chumvi, akamsalimu Bwana Abdala, mume wa Bi Sauda. Basi. Kosa lake ndilo hilo. Meshack alikuwa kwenye pombe ya kimpumu tangu asubuhi, akaambiwa na walevi wenzake kwamba mkeo anachekeana na mwenye duka. Alifika nyumbani mchana kweupe, majirani wako nje wanaanika ulezi. Mtoto wao Angela, Mungu ni mwema, alikuwa huku kwa mama. Dada alikuwa ndani anatwanga.

Alianza na ngumi ya mdomo. Dada akaanguka, Meshack akamwinua kwa nywele ili ampige vizuri. Akampiga teke la mbavu, akampiga la pili. Kisha akauchomoa mchi kwenye kinu. Pigo la kwanza la mchi lilimkuta kwenye taya, na dada anasema alisikia taya linavunjika kabla hajasikia maumivu. Alilala ubavuni mwa kinu, mdomo umejaa damu na meno, na Meshack juu yake anamuuliza nani mwanaume wa nyumba hii. Huku amelala, dada alitia mkono kwenye fundo la kitenge akaishikilia ile tochi kwa kidole chake kizima.

Mimi na mama tulikuwa huku Malangali tunapukuchua. Simu yangu ilipolia nikasoma maneno niliyoyaandika mwenyewe kwa penseli. Nilikimbia kutafuta pikipiki bila viatu. Lakini Bi Sauda alikuwa karibu zaidi. Alisoma, akagusa "Nakuja".

Na pale ndani, kwenye kitenge cha dada, mikono ya mama ikaanza kupiga makofi. Kwa sauti ile ya darasani.

Mchi ulikuwa umeshainuliwa juu kwa pigo la pili. Kaka, nimeisikia habari hii kwa dada na bado nikiiandika nacheka, halafu nalia, halafu nacheka tena. Meshack aliyasikia makofi ya mama mkwe wake. Anayajua. Aliyapokea siku ya posa, na kila alipokuja hapa kuomba msamaha. Pombe ilikuwa imekwenda na akili, lakini adabu ilibaki kwenye magoti. Aliuacha mchi ukaanguka, akageuka kuelekea mlangoni, akachuchumaa, akainamisha macho, akapiga makofi kumjibu mkwe. Akaitikia kabisa, kwa Kifipa, kwa sauti laini ya kijana mwema. Mlangoni hapakuwa na mtu.

Dada angeweza kukimbia, lakini mlango ulikuwa umezibwa na Meshack aliyechuchumaa. Kwa hiyo aliuokota mchi. Alimpiga kwenye mikono ile ile iliyokuwa inasalimu. Kiwiko kimoja cha mkono kilikwenda upande wake. Meshack alipiga ukelele uliosikika hadi barabarani, akainuka, akamshika dada nywele kwa mkono uliobaki, akamgonga kichwa kwenye ukingo wa kinu, na alikuwa anamgonga tena Bi Sauda alipoingia na chuma cha komeo la duka. Yule mama mwembamba unayemwona hawezi kubeba kreti ya soda! Alimpiga nacho mgongoni, akampiga begani, akampiga mpaka akamwachia.

Wakamburuta nje. Na hapo majirani wale wale, ambao miaka yote wanasikia vilio wanaongeza sauti ya redio kwa sababu mambo ya mke na mume hayaingiliwi, wote wakawa mashujaa. Nilipofika nilikuta duara la watu na mateke. Mtu alikuwa ameshakwenda kutafuta petroli. Meshack alikuwa chini, sikio limechanika, anatema damu, anamwita mama yake. Nilimpiga teke. Nikampiga na jingine. Nikaokota tofali, kaka. Nililiinua juu ya kichwa chake na nilikuwa sioni kitu kingine duniani isipokuwa kile kichwa.

Bi Sauda akasimama juu ya Meshack, miguu huku na huku, chuma mkononi, akatufokea sote.

"Basi! Mkimuua huyu, Otilia ndiye atakayemkalia matanga! Mnataka amlilie na taya hilo?"

Watu walitulia. Niliweka tofali chini. Sijutii yale mateke, nakwambia ukweli, wala sitayaungama kwa padre mpaka nijisikie. Lakini ile kauli ya Bi Sauda naomba uisome mara mbili, kwa sababu panga lako lingefanya kazi ile ile ya tofali langu. Ukimuua Meshack, dada ananyolewa nywele kama mjane wake, wewe unakwenda jela, na mimi nabaki kupeleka chakula gerezani.

Sasa hali ya mgonjwa. Taya limefungwa kwa waya, anakunywa uji kwa mrija. Meno manne hayapo. Mbavu zinapona. Anaongea kwa kubana meno, lakini anaongea kuliko alivyoongea miaka yote ya ndoa, na mengi ni matusi. Fomu ya polisi, PF3, tulichukua siku ile ile, na jalada lipo polisi. Meshack alilazwa, akashikiliwa, akatoka kwa dhamana, mkono umening'inia shingoni. Dada na Angela wako hapa nyumbani, kwenye chumba chako. Godoro lako limeliwa na panya, usiulize.

Mwalimu Raymond nilimweleza yote. Alisema jibu la kitufe kama hiki linapaswa kumfikia aliyegusa peke yake, asisikie mwingine yeyote. Ni kweli. Yale makofi yangemfikia mwanaume asiye na mkwe wa kumheshimu, leo tungekuwa tunaongea habari ya kaburi. Nimeyaondoa. Sasa simu inatetemeka kidogo kwenye kiganja, basi, na wanawake kadhaa wanaopita dukani kwa Bi Sauda wameshaniomba niwawekee "tochi". Dada peke yake amekataa katakata nisiiguse simu yake. Nimemwambia ile ilikuwa bahati. Ameniambia, kwa meno yaliyofungwa, nenda huko na bahati yako, mikono ya mama iache humo humo.

Upande wa Meshack wao wana maelezo yao. Wanasema mimi Zita nimejifunza uchawi wa kompyuta, eti simu ilimlaza ndugu yao akili mpaka akasalimu hewa. Najua huko Mtwara wakisikia Sumbawanga wanawaza hayo hayo. Waambie wachawi wa siku hizi wanasoma na wanafanya mitihani.

Sasa kilichonifanya nikae niandike ni hiki. Jumamosi walikuja.

Unakumbuka mara ya kwanza dada alipokimbia, mwaka ule mimba yake ilipoharibika kwa teke la Meshack. Walikuja, wakamsalimu mama, mama akawajibu, na kesho yake dada akarudi Izia na kifurushi chake. Mara ya pili, baada ya Krismasi, ni hivyo hivyo. Mama alilia, akasema ndoa ni msalaba, akamfungia unga wa njia. Nilimchukia mama siku ile. Nakwambia wewe kwa sababu dada hawezi kuambiwa.

Kwa hiyo Jumamosi, nilipowaona wanaingia uani, baba mdogo wake Meshack mbele na shangazi zake wawili nyuma, mmoja kabeba kuku, niliweka gunzi chini. Dada alikuwa kwenye mkeka kando ya ukuta, kichwa kimefungwa. Alipowaona alianza kukunja khanga zake, moja baada ya nyingine, polepole. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa anajiandaa.

Mama alikuwa kwenye kigoda. Wale watu walichuchumaa mbele yake kwa mstari, wakainamisha macho, wakapiga makofi.

Mama aliwatazama. Halafu akaikunja mikono, akaitia kwapani.

Wakapiga tena, kwa nguvu zaidi kidogo, kama mtu anayedhani hakusikika. Mama yuko kimya. Baba mdogo, mzee wa watu, akainua macho, akayashusha, akapiga mara ya tatu. Kaka, mimi nimezaliwa nyumba hii na sijawahi kumwona mama akinyimwa salamu wala akimnyima mtu salamu, hata yule mwizi wa bata alisalimiwa kwanza. Walikaa wamechuchumaa mpaka shangazi mmoja magoti yakaanza kumcheza. Upepo unapuliza, kuku analia kwapani mwake, na mama hatoi mkono, hatoi neno. Mwishowe waliinuka kwa kushikana, wakatoka na kuku wao.

Dada alikuwa ameshaacha kukunja. Mama aliniita nimfunge kitenge chake kilicholegea, kwa sababu mikono yake ilikuwa bado kwapani, hataki kuitoa. Alisema neno moja tu, kwamba anamwomba Mungu asamehe mikono yake kwa zile mara mbili. Kisha akaenda kupukuchua mahindi.

Sasa watakuja kwako. Tangu baba alipofariki wewe ndiye mkubwa wa nyumba, na wameshaomba namba yako kwa watu. Hawatakuja kwa ukali. Watakupigia wakiwa wapole, watakuuliza habari za watoto, watakusalimu kwa heshima zote, kisha wataomba uamuru dada arudi ili mambo yaishe kifamilia. Kaka yangu, naomba mambo mawili. Panga liache huko likafyeke mikorosho. Na wakikusalimu, usiwajibu. Najua itakuuma, umelelewa vizuri. Tia mikono kwapani. Mama ameweza na ana miaka yake yote ya adabu.

Nisalimie wifi Faith na wanao wote. Mwambie mwanao mdogo shangazi yake atamtengenezea kitufe cha ng'ombe. Mama anakusalimu na anasema uvae soksi, nami nimemwambia Mtwara hakuna baridi, hakubali. Angela anakusalimu. Bi Sauda na Bwana Abdala wanakusalimu. Dada Otilia anakusalimu kwa kubana meno. Mungu awalinde na kila mkono mbaya, na awape usingizi wa amani.

Jambo la mwisho. Jana dada aliniomba niongeze namba yako kwenye ile tochi. Nilimwambia uko Mtwara, hata ukipanda basi siku hiyo hiyo utakuta yote yameisha. Alisema anajua. Anachotaka ni kwamba akiishikilia, na wewe uguse "Nakuja", ili mikono ya mama ipige. Nimeshaiongeza. Usiizime simu yako, kaka.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, hata ukifoka,

Zita